Maji si Mandhari

Tangazo la kambi ya kandokando ya maji halikosi mambo matatu: picha ya machweo, hema lililofunguliwa mlango kuelekea majini, na neno "mandhari". Katika nchi ya Wameru, kuanzia Tengeru hadi Usa River na kupanda mpaka Momela, matangazo ya namna hiyo yameota kama uyoga baada ya mvua, na wito wake wote ni mmoja: mgeni na aje alale karibu na maji ili ayatazame. Ni nadra kukuta linalomshauri aulize maji hayo yanatoka wapi, yanakwenda wapi, na nani mwengine anayategemea. Macho yamefanywa kadhi, na hukumu hutolewa kabla ya shahidi yeyote kusikilizwa.

Yafaa ielezwe mapema kwamba lawama hii haielekezwi kwa hema wala kwa mtu anayependa kulala nje. Kulala chini ya nyota ni starehe ya halali, na mji wenye watu waliochoka una haja nayo. Wala haielekezwi kwa magari-nyumba, yale magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani yake, ambayo baadhi yake huvuka bara zima kabla ya kupumzika Arusha. Kinachopingwa hapa ni kipimo. Mtu anayechagua mahali pa kulala kandokando ya maji kwa uzuri wa mandhari pekee amechagua kwa kipimo kibovu, na ubovu huo humdhuru yeye mwenyewe kwanza, kisha humdhuru mwenyeji wake, na mwishowe huufikia mwambao, ambako watu wengi hudhani kwamba mambo ya Meru hayawahusu.

Watu wa pwani wanayo sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwa kuwa wanayo elimu kongwe ya kupiga kambi kandokando ya maji. Elimu hiyo ni ya dago. Mvuvi wa Pemba au wa Unguja anapokwenda dago huondoka kwao kwa wiki au miezi kuwafuata samaki, akaweka makazi ya muda katika kisiwa au ufuko wa watu wengine. Mvuvi huyo hachagui dago kwa machweo. Huuliza kwanza kisima: maji ya kunywa yako wapi, na yana chumvi kiasi gani? Huuliza upepo: kusi likivuma, chombo kitapata hifadhi? Huuliza bamvua: maji yakijaa usiku yatafika wapi? Huenda kwa wakubwa wa mji akajitambulisha na kuomba idhini, kwa sababu ufuko usio na nyumba si ufuko usio na wenyewe. Na pepo zikigeuka, hung'oa kibanda chake akarudi alikotoka.

Ni kweli kwamba si kila dago limefuata adabu hiyo, na ugomvi baina ya wavuvi wageni na wenyeji si jambo la jana wala la leo. Lakini ugomvi wenyewe ndio ushahidi kwamba adabu ipo, kwani mtu halaumiwi kwa kuvunja sharti ambalo halikuwekwa. Katika masharti hayo uzuri wa mahali haukutajwa. Si kwamba mvuvi hauoni. Huuona, na jioni akiwa amekaa juu ya mchanga huweza hata kuutungia shairi. Lakini uzuri kwake huja baada ya kisima, baada ya upepo, baada ya idhini. Tangazo la kambi limeupindua mpangilio huo juu chini.

Na lichukuliwe sharti la kwanza, la maji ya kunywa, lipelekwe Usa River. Wenyeji wa ukanda ule waliyapa maji majina kwa jinsi walivyoyakuta. Kilomita chache mashariki ya Usa River, katika barabara iendayo Moshi, upo mji uitwao Maji ya Chai, na jina hilo halihitaji tafsiri. Upande wa kaskazini-mashariki wa mlima iko Ngare Nanyuki, na maana yake kwa Kimaasai ni maji mekundu. Haya ni majina yaliyotolewa na watu waliochota, wakamimina ndani ya kibuyu, wakatazama walichokipata. Hayakutolewa na mtu aliyeketi mbali kwenye kiti cha kukunja.

Ndani ya majina hayo mna onyo. Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ni volkeno ambayo mara ya mwisho ilifuka mwaka 1910. Mawe na majivu yake yana madini ya floraidi kwa wingi, na maji yanayopita humo huyabeba. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja ya maji ya kunywa. Vijito na chemchemi nyingi kuzunguka mlima ule huvuka kikomo hicho, na katika maziwa ya Momela kiwango hupanda hadi mamia ya miligramu. Watoto waliokulia kwa maji hayo huota meno ya rangi ya kahawia, rangi isiyotoka kwa mswaki, nao wakienda mbali na kwao hutambulikana kwa kucheka tu. Na wengi wao hujifunza kuziba mdomo kwa kiganja. Walioyanywa kwa wingi na kwa miaka mingi huweza kuharibika mifupa. Ndiyo maana palianzishwa kituo cha utafiti huko Ngurdoto, ambako wataalamu wamekuwa wakiyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Mgeni wa siku tatu hataharibika meno, na hakuna haja ya kumtisha. Lakini anapaswa kujua kwamba kuyachemsha maji hakuyaondoi madini hayo, bali maji yanapopungua kwa mvuke madini hukolea. Na kwamba chujio la kawaida la safari hutega uchafu na vijidudu, halitegi floraidi. Anapaswa kujua pia kwamba zile rangi za maziwa ya Momela zinazosifiwa sana, moja likiwa la kijani na jingine la samawati, hutokana na magadi na mimea midogo inayostahimili magadi. Heroe wanapakimbilia kwa sababu hiyo hiyo. Kinachomlisha heroe hakimfai binadamu kunywa, na tangazo linalouonyesha uzuri huo bila ya kutaja chumvi yake limesema nusu ya ukweli.

Hapa ndipo suala la kisima linapokuwa suala la haki. Kambi iliyo karibu na maji yasiyonyweka lazima ipate maji mengine, nayo huyapata kwenye bomba, kisima kirefu au chemchemi njema, yaani mahali pale pale panapotegemewa na kijiji. Gari-nyumba lenye tangi la lita 300 likijazwa mara moja limechukua ndoo 15 za lita 20. Mama anayebeba ndoo moja kichwani angehitaji safari 15 kulijaza, na mwenye gari angelimaliza kwa kuoga, kuosha vyombo na kusafisha vumbi la kioo. Hakuna anayesema mgeni asioge. Linalosemwa ni kwamba mtu anayechagua kambi "ya majini" bila ya kuuliza maji ya bomba la kambi hiyo yanatoka wapi, huenda amechagua kuoga kwa ndoo za wengine.

Sharti la pili la dago ni la bamvua, na katika mito ya Meru bamvua ni gharika. Mito ile ni mifupi na yenye mteremko mkali. Mvua ikinyesha juu msituni, maji hushuka kwa nguvu hata mahali ambapo mbingu ni nyeupe, na anayelala ukingoni hupata habari yamekwisha kufika. Waswahili walinena kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mwezi wa Aprili mwaka 2024, katika masika makubwa ya mwaka ule, gari la shule lilisombwa na maji ya korongo mjini Arusha na watoto wakapoteza maisha. Korongo hilo wakati wa kiangazi ni njia ya kupitia. Msiba ule haukuwa wa kambi wala wa watalii, lakini uliwakumbusha watu wote wa chini ya mlima kwamba mahali maji yalipopita jana hubaki kuwa mahali pake hata yakiwa hayapo leo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo ni ya Tanzania Bara, inakataza katika kifungu chake cha 57 shughuli za kudumu, au zenye kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Mita 60 ni hatua themanini hivi za mtu mzima. Hema linalosimikwa jioni na kung'olewa asubuhi huenda lisiwe shughuli ya kudumu. Lakini sakafu ya saruji, baa ya mbao juu ya nguzo, na shimo la choo havina sifa hiyo. Kwa hivyo tangazo linalojigamba kwamba baraza lake limeelea juu ya mto na vyumba vyake viko hatua kumi kutoka majini linajishitaki lenyewe, na mgeni anayelipia zaidi kwa sababu ya hizo hatua kumi analipia kile ambacho sheria imekizuia. Lau wageni wangezipenda kambi zilizo nyuma ya mita 60, wenye kambi wangezijenga huko. Mnunuzi ndiye anayekichora kiwanja.

Sharti la tatu ni hodi. Katika Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji ya nchi ni mali ya umma, na anayenunua shamba hanunui mto unaopita pembeni yake. Lakini ukuta hausomi sheria. Na achukuliwe mama mmoja ambaye bibi yake na mama yake walikuwa wakishuka kwa njia fulani kwenda mtoni kuchota maji ya kufulia na kunyweshea ndama. Siku moja anakuta njia imezibwa kwa senyenge na ua wa michongoma. Kijana wa mlangoni, ambaye huenda ni jirani yake, anamwambia kwa upole, "Shikamoo mama, njia hii sasa ni ya wageni, itakubidi uzunguke." Ameamkiwa kwa heshima zote, na amenyimwa mto. Kwenye picha ya tangazo ukingo ule utaonekana mtulivu, usio na mtu hata mmoja, na mgeni atausifu utulivu huo pasi na kujua kwamba kuna watu walioondolewa ili upatikane.

Wasomaji wa visiwani hawahitaji kuelezwa zaidi. Tangu miaka ya 1990 pwani za Nungwi, Kiwengwa na Paje zimeshuhudia hoteli zikipanda bega kwa bega, na wanawake wa mwani wa kusini-mashariki ya Unguja wanajua maana ya kugombea fuko na viti vya kuotea jua. Yaliyowafika wao kwenye chumvi yanawafuata wenzao kwenye maji matamu. Tofauti ni kwamba bahari ni pana, na anayezuiwa hapa huweza kushukia pale. Mto wa Usa si mpana. Ukizibwa katika viwanja vitatu vinavyofuatana, umezibwa.

Na Wameru si watu wa kufundishwa maana ya kunyang'anywa mahali. Mwezi wa Novemba mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa kizungu. Nyumba zilichomwa. Watu wale walimtuma mwenzao, Kirilo Japhet, akafika Umoja wa Mataifa jijini New York mwaka 1952 kuieleza dunia kisa hicho, na mkasa ule ukawa mmojawapo wa iliyoamsha siasa za kudai uhuru katika Tanganyika. Leo barabara hiyo hiyo ya Ngare Nanyuki ndiyo inayowapeleka wageni Momela. Si haki kusema kwamba kila kambi ni mlowezi mpya, kwani kambi nyingi zimepangishwa kwa ridhaa na nyingine ni za Wameru wenyewe. Lakini mtu anayetandika blanketi katika ardhi yenye historia ile anapaswa angalau kuuliza, kabla ya kutandika, iwapo njia ya mtoni bado iko wazi.

Sharti la nne dago hulitimiza kwa bahari, ambayo huchukua kila kitu. Bara hulitimiza kwa shida. Uchafu unakwenda wapi? Ziwa Duluti, lililo karibu na Tengeru, ni shimo la volkeno lililojaa maji ya ardhini. Hapana mto unaoingia wala mto unaotoka. Linalotumbukia humo, liwe povu la sabuni au mafuta ya injini, halina mlango wa kutokea. Karibu na ziwa hilo, kuanzia mwaka 1942, waliishi wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, waliofika Tengeru kwa vita ambavyo hawakuvianzisha. Makaburi yao yangalipo. Kambi yao haikuchaguliwa kwa mandhari, nao walikaa miaka, sio usiku mmoja. Ziwa walilolikuta ndilo lilelile analolipiga picha mgeni wa leo, nalo haliwezi kubadilisha maji yake kwa kuwa mgeni amebadilika.

Mto wa Usa, kinyume cha Duluti, unakwenda mbali. Huingia katika Kikuletwa, na Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Kutoka bwawani maji hushika njia ya Mto Pangani, yakapita kwenye mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, hadi yakaiona Bahari ya Hindi katika mji wa Pangani. Huko mwishoni wakulima wamelalamika kwa miaka mingi kwamba maji ya mto yamepungua, na bahari imekuwa ikipanda mtoni na kuyatia chumvi mashamba. Sababu ni nyingi, na kubwa zaidi ni kilimo cha umwagiliaji cha juu, wala si hema la mtalii. Lakini kila tone linalozuiwa au kuchafuliwa chini ya Meru limo katika hesabu hiyo. Na kisiwa cha Pemba, ambacho tangu mwaka 2010 hupata umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kimeungwa na gridi ile ile inayolishwa na mitambo ya Pangani. Msomaji wa Wete au Chake Chake anayesoma usiku kwa taa hawezi kusema kwa yakini kwamba Mto wa Usa haumhusu.

Watetezi wa kambi hizi wanayo hoja, nayo ina uzito. Wanasema kwamba utalii huleta ajira katika nchi ambayo mashamba yamegawanywa hadi kuwa vipande vya migomba; kwamba kijana anayeongoza wageni msituni ana sababu ya kuulinda msitu; kwamba mwenye kambi akiondoka atakuja mwenye shamba la maua, naye atavuta maji mengi zaidi na kuyarudisha yakiwa na dawa. Yote haya yaweza kuwa kweli. Yanathibitisha kwamba kambi njema ni bora kuliko jirani mbaya. Hayathibitishi kwamba kambi njema hutambulikana kwa picha. Hoja ya ajira inamtaka mgeni awe mwangalifu zaidi katika kuchagua, kwani fedha yake ndiyo inayoamua ni kambi ipi itakayoishi na ipi itakayofungwa. Anayezitoa fedha hizo kwa machweo peke yake anawanyima wale waliotumia zao kuchimba choo cha mbali na kuacha njia ya mtoni wazi, mambo ambayo hayapigiki picha.

Ipo hoja nyingine, na hii hutoka kwa watu wa fani. Wao husema kwamba uzuri una haki yake, na kwamba mtu aliyekwenda kupumzika asitwishwe mzigo wa mabomba na mashimo ya vyoo. Lakini ushairi wa pwani wenyewe unawapinga. Mshairi wa mwambao anapoitaja bahari huitaja pamoja na kusi na kaskazi, maji kujaa na maji kupwa, mwamba na mkondo. Msamiati huo ni wa watu waliosafiri, waliovua, na ambao baadhi yao walizama. Bahari isiyo na hayo katika beti huonekana mara moja kuwa bahari ya mtu aliyeiona dirishani. Kwa nini basi mto na ziwa vya bara visifiwe kwa vivumishi vitatu vya tangazo, "tulivu, safi, ya kuvutia", ilhali vina majina kama Maji ya Chai na Ngare Nanyuki ambayo kila moja ni ubeti mzima? Uzuri una haki yake, na haki ya kwanza ya uzuri ni kujulikana.

Basi anayetaka kupiga kambi kandokando ya maji katika nchi ile, na aende. Ila achague kama aendaye dago. Duluti na alale juu, kwenye ukingo wa shimo na nje ya msitu wa hifadhi unaolizunguka ziwa, ashuke mchana kwa miguu, na sabuni yake aiache kambini. Katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, zipo kambi za umma chini ya kilima cha Tululusia, mahali pa miti na maji ya mlimani. Huko wenyeji wa kuombwa hodi ni nyati na askari wa hifadhi, na wote wawili si wa kudharauliwa. Momela na apaone mchana, akiwa na maji yake mwenyewe ya kunywa, wala asifikirie kuoga. Usa River penyewe na atafute kambi iliyo nyuma ya mita 60, yenye mto unaosikika badala ya mto unaorukiwa. Sauti ya maji usiku haipungui kwa hatua themanini.

Na kabla ya kulipa, aulize maswali manne tu. Maji ya kunywa ya hapa yanatoka wapi, na yamepimwa floraidi? Masika yaliyopita mto ulifika wapi? Njia ya wanakijiji kwenda mtoni iko wapi? Tangi la choo la gari linamwagwa wapi? Mwenye kambi mwema atajibu kwa furaha, kwa kuwa ni maswali aliyokwisha kujiuliza mwenyewe siku aliyochimba msingi. Asiyeweza kujibu ataelekeza mkono kwenye ziwa na kusema, "Lakini tazama mandhari." Hapo mgeni ameshapata jibu, na jua likiwa bado juu ana wakati wa kutosha wa kutafuta mahali pengine.